Tulivyolifukua Shimo la Kwa Salumu

Wenzangu wa mtaani, na hasa nyinyi mlionizingira sokoni na vikapu vyenu mkitaka kusikia yote kwa pamoja, nimeamua kuandika. Shomari ni dereva mzuri lakini msimuliaji wa hovyo, maana kila kisa hukianzia mwisho. Kwa sababu yake Bagamoyo nzima inajua kwamba mimi, mkaguzi wa barabara, niliagiza shimo lichimbwe katikati ya njia, nikaagiza gari la ofisi lipitishwe humo, na gari likazama. Sikatai. Lakini shimo lile hatukulichimba, tulilifukua, na kati ya kuchimba na kufukua kuna safari nzima. Someni, mkimaliza msiniulize tena.

Kazi yangu mnaijua kwa sura yake ya nje, yaani kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa. Kwa ndani ni hivi: kila mwaka kabla ya masika tunapita barabara moja baada ya nyingine, na kila kipande tunakitolea hukumu. Nzuri, wastani au mbaya. Iliyo mbaya huingia kwenye orodha ya kutengenezwa. Iliyo nzuri huachwa miaka mitatu ndipo iangaliwe tena. Tunaandika tulichokiona siku hiyo, si tulichoambiwa, kwa kuwa sijawahi kufika kijiji kilichoisifia barabara yake. Ofisi ina sharti moja tu juu ya hayo: usitoe taarifa kwamba unakuja.

Sharti hilo nililivunja mimi. Marehemu mama alinilea nikijua kwamba mtu anayeingia kwa watu bila kupiga hodi ama ni mwizi ama hana akili timamu. Basi wiki moja kabla ya safari nilimpigia simu mwenyekiti wa kijiji cha Kwa Mgole, huko ndani mbele ya Miono, nikamwambia kwamba Jumanne ijayo tutapita, wala asijisumbue. Nimezaliwa pwani na nimekulia pwani. Sijui nilitegemea nini nilipomwambia mtu wa kwetu asijisumbue.

Bagamoyo hadi Msata

Tuliondoka asubuhi, vitumbua vya moto kwenye karatasi mapajani mwangu na chupa ya chai miguuni. Kwenye kioo cha mbele tulibandika simu ya ofisi, ile inayohesabu mitikisiko. Gari likiruka, simu inaandika. Gari likitulia, simu nayo inaandika kwamba limetulia. Kinachotakiwa ni dereva aende mwendo uleule, anyooshe, asikwepe kitu isipokuwa kiumbe hai.

Hapo ndipo taabu ya Shomari inapoanzia. Ameendesha magari ya serikali tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi, na miaka yote hiyo sifa yake imekuwa kukwepa mashimo. Sasa kila tulipoona kiraka kilichobonyea mikono yake ilikwepa yenyewe, mimi nikisema "nyoosha, kaka", naye akinyoosha huku amefumba jicho moja. Kila mtikisiko aliusindikiza na jina la kifaa kilichoumia: bushi, springi, shokomzoba. Tulipofika Kiwangwa gari lote lilikuwa limeshataja viungo vyake.

Kiwangwa alipunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi, na wauza mananasi wakaelewa kwamba tunanunua. Walikuja sita kwa mpigo. Kwa sababu ya adabu nilinunua kwa mmoja, na kwa sababu ya haki nikanunua kwa wote. Tukaendelea na safari tukiwa na mananasi kumi na mawili yaliyokuwa yakibingirika nyuma, na simu, ambayo haijui mananasi ni nini, ikaandika kwamba kipande kile cha lami kina mtetemo usioeleweka. Nilirudia kipimo.

Msata, tulikodhaniwa wabomoaji

Msata tulisimama kula. Mabasi ya kaskazini yalikuwa yakiingia na kutoka, malori yamejipanga hadi njia panda, na pembeni mwa lami safu ya vibanda vya mama lishe. Kabla ya kukaa nilitoa futi nipime ukingo wa lami ulioliwa na matairi. Nilikuwa nimevaa kizibao. Niliinama, nikapima, nikaandika. Nilipoinuka, benchi nililokusudia kukalia halikuwepo.

Lilikuwa limerudishwa nyuma hatua sita. Meza nayo. Kibanda cha pili walikuwa wameshaanza kushusha turubai, na cha tatu mwanamke mmoja alikuwa amekumbatia sufuria la wali akitafuta pa kulihamishia. Watu waliovaa kama mimi waliwahi kupita hapo na kopo la rangi nyekundu, wakichora X kwenye kila ukuta uliosimama ndani ya hifadhi ya barabara. Tangu hapo watu wa Msata hawasubiri kuulizwa.

Nilimfuata mwenye benchi, Mama Rehema, nikamwamkia, nikamweleza kwamba mimi naangalia lami tu, nyumba hazinihusu. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema hata wale wa rangi walianza kwa kuangalia lami. Akatuletea wali maharage, akaongeza nyama ambayo hatukuagiza, akaongeza mchicha, akasimama pembeni akitutazama tukitafuna. Shomari alimaliza sahani yake na nusu ya yangu. Alisema kwa saa moja, tena tukiwa tumekaa, tumeisafisha hifadhi ya barabara ya Msata kuliko ilivyowahi kusafishwa kwa barua. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo. Jioni tuliporudi tulikuta benchi na meza vimesharudi pale pale pa zamani, na sufuria juu yake.

Wami, na mtu wa bendera

Kutoka Msata unashika barabara kuu ya kwenda Segera, na kabla ya kuufikia mto Wami tulisimamishwa. Kikundi cha akina mama kilikuwa kinafyeka nyasi za kando, na mmoja wao, mnene, ametulia kabisa, alishika bendera nyekundu. Lori lilikuwa limekaa vibaya kwenye mteremko na lilikuwa likinyooshwa. Tulikaa hapo muda ambao Shomari aliutumia kula nanasi moja zima nje ya gari, kwa kuwa ndani ya gari haruhusu.

Nilishuka nikamwonyesha yule mama kizibao changu, nikidhani tutaelewana kikazi. Alikitazama chake, akakitazama changu, akaniuliza kwa nini nina haraka wakati na mimi ni mtu wa barabara. Nilirudi nikakaa. Alipogeuza bendera alitupungia mkono kama ndugu zake.

Miono hadi Kwa Mgole

Tulivuka Wami, mbele tukaiacha lami, tukaingia Miono mchana tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Niliuliza njia ya Kwa Mgole kwenye kijiwe cha bodaboda. Wakubwa wawili walibishana kwanza kama gari letu litafika, kisha mmoja akanipa maelekezo, akamalizia hivi: "Mkifika Kwa Salumu, shukeni. Mizigo mpeleke kichwani."

Nikamshukuru. Nikaandika daftarini: Kwa Salumu, kushuka. Nilidhani ni nyumba ya mtu, na Shomari alidhani hivyo hivyo, maana alijipanga kuomba maji hapo.

Tulitoka Miono tumejikaza. Nilifunga mkanda vizuri, nikabana chupa ya chai katikati ya miguu. Simu ilikuwa tayari. Tukaenda kilomita moja, mbili, tatu. Hakuna kilichoruka. Shomari alifumbua jicho la pili. Njia ilikuwa tambarare, imejazwa, imeshindiliwa, na hili nalisema nikijua hamtaniamini, ilikuwa imefagiwa. Alama za fagio zilionekana kwenye vumbi, zimepinda vizuri kama za uani siku ya Idi. Tulipita kwenye kijito kikavu penye kifusi chekundu kilichotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na gari halikutikisika, hata nanasi moja halikubingirika.

"Hii ndiyo inayolalamikiwa?" aliuliza Shomari.

Mimi ni fundi. Najua rangi ya udongo uliokaa na rangi ya udongo wa juzi. Niliona, nikajua, na kwa kilomita nne nilijifanya sijajua, kwa sababu nilishaanza kukumbuka ile simu niliyompigia mwenyekiti.

Nyumba ya Salumu hatukuiona.

Kwa Mgole

Walikuwa wametusubiri. Mwenyekiti Kondo, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, anayenyoosha kila kitu anachokaribia, hata kola ya Shomari, alikuwa amevaa kanzu na kofia ya kushona. Akina mama walikuwa jikoni. Tukapelekwa kunawa, tukakalishwa mkekani, tukaletewa bada, ule ugali wa muhogo, na kuku wa nazi, na kisamvu, na machungwa yaliyomenywa tayari. Nilipojaribu kuzungumzia kazi, mwenyekiti alisema mgeni hula kwanza. Nilipomaliza kula akasema mgeni hupumzika. Fomu ilikuwa mapajani mwangu muda wote huo, sehemu ya hukumu ikiwa tupu.

Aliyekuwa akituhudumia ni mama mmoja wa umri wa mama yangu, aitwaye Bi Tatu. Alizungumza kidogo, akijaza sahani kabla hazijaisha. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kwa kuwa nilitaka kuonyesha kwamba nafuatilia mambo ya watu nikamuuliza Mzee Salumu yuko wapi, mbona hatukupita kumsalimia.

Mkeka mzima uligeuka kunitazama. Shomari aliacha kutafuna.

"Umeshampita, mwanangu," alisema Bi Tatu. "Pale kwenye kifusi chekundu."

Aliyenieleza ni mwenyekiti, kwa sauti ya chini, Bi Tatu akiwa amerudi jikoni. Salumu alikuwa mumewe. Masika yaliyopita aliugua ghafla, wakamtia kwenye gari la kukodi wampeleke kituo cha afya Miono. Pale kijitoni pana kalavati la kupitishia maji lililovunjika na udongo mweusi usiokauka chini. Gari lilizama adhuhuri. Walisukuma, wakachimba, wakakata matawi. Magharibi ilipoingia gari lilikuwa pale pale na mgonjwa alikuwa amekwisha kufariki. Tangu siku hiyo shimo linaitwa Kwa Salumu, na hata watoto hawalijui kwa jina jingine.

Niliuliza nani kalijaza. Mwenyekiti alinyoosha mgongo. Kijiji kizima kilitoka, alisema, siku nne mfululizo, mashimo yote tangu Miono, kwa kuwa wamepata taarifa kwamba mgeni anakuja. Kwa Salumu palijazwa na Bi Tatu. Walimwambia apumzike, akakataa. Alibeba kifusi kwa kikapu kutoka kilimani, na siku ya mwisho akafagia.

Jamani, nilitamani mkeka ule unimeze. Siku nne za watu wazima, viganja vya mama yule, na mimi nina fomu inayosema andika ulichokiona. Nilichokiona ni barabara nzuri. Nikiandika nzuri, wanasubiri miaka mitatu, na kifusi kile hakina uwezo wa kuvuka hata wiki mbili za masika. Nikiandika mbaya bila picha wala kipimo, nimedanganya, na fomu itarudishwa.

Basi nikasema. Sikujua namna ya kulisema kwa uzuri, nikalisema lilivyo: kwamba kwa kuitengeneza wamejiondoa kwenye orodha, na kwamba kosa ni langu kwa sababu mimi ndiye niliyetoa taarifa. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Kwa hiyo ulitaka tukuache uje uvunjike kwetu?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo, ofisi ndivyo inavyotaka. Akatikisa kichwa. Alisema ofisi hiyo haina mama.

Nilikumbuka kitu kimoja. Sheria zetu haziniruhusu kuandika nisichokiona, lakini zinaniruhusu kuchimba nione kilichopo chini. Tunafanya hivyo kila tukitilia shaka udongo. Nikasema nikipata jembe na ruhusa ya kijiji nitafukua mahali pamoja tu, nipime, nipige picha. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kama hakuna njia nyingine, maana kumchimbia mgeni shimo njiani ni jambo ambalo hata adui hafanyiwi. Mwenyekiti alipendekeza niandikiwe barua yenye mihuri yote ya kijiji. Hapo ndipo Bi Tatu alipotoka jikoni, kanga ameifunga kiunoni, jembe begani. Alipita katikati yetu akashika njia.

Kwa Salumu

Tulimfuata, gari nyuma yetu. Njiani watu walinionyesha kwa vidole mashimo mengine yaliyolala chini ya kifusi, kila moja na kisa chake: hapa baiskeli ya mwalimu ilipinda, hapa magunia mawili ya ufuta yalimwagika. Niliandika yote, ingawa fomu ina mstari mmoja tu wa maelezo.

Nilimwomba Bi Tatu anipe jembe, akasema shimo alilolijaza yeye anajua linavyofukuliwa. Akachimba yeye. Kifusi chekundu kilitoka, zikafuata kokoto, yakafuata matawi aliyoyatandaza kwa mpangilio kama anayetandika kitanda, na chini kabisa, Februari, kwenye jua lile, tope jeusi lenye maji na kipande cha kalavati lililovunjika. Nilishusha fimbo ya kupimia. Ilizama hadi juu ya goti langu. Nikapiga picha.

Picha na kipimo nilikuwa navyo, na ningeweza kuishia hapo, lakini ile simu ya kwenye kioo nayo ilitaka chakula chake. Kipimo cha mtikisiko hakikamiliki mpaka gari lipite, kwa mwendo uleule, bila kukwepa. Na isitoshe tulikuwa upande wa kijiji, Bagamoyo iko ng'ambo. Shomari alishuka, akalitazama shimo, akanitazama mimi.

"Mama," aliniambia, "tungepita kwanza, halafu ndiyo mchimbe."

Alikuwa na haki kabisa, na hilo ndilo analowasimulia. Nikamwambia anyooshe. Akapanda, akasoma bismillahi kwa sauti ya kusikika hadi nje, akanyoosha. Gurudumu la kushoto mbele liliingia na halikutoka. Gari liliinama, mananasi yote yakahamia upande mmoja, na simu ikaandika mtikisiko mkubwa kuliko wowote iliowahi kuandika tangu inunuliwe, kisha ikadondoka.

Walitusukuma kijiji kizima. Mwenyekiti Kondo alivua kanzu yake akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jiwe, akaingia topeni na fulana. Wale wazee waliokuwa wakibishana juu ya heshima ya mgeni walikuwa sasa wameshika bampa, wakihesabu moja, mbili, tatu. Tope liliniingia masikioni, kama mlivyoona niliporudi. Tulitoka baada ya muda mrefu, na nilijua kila dakika ilivyokuwa ndefu, kwa sababu sikuacha kufikiri kwamba sisi ndani ya gari hatukuwa na mgonjwa.

Fomu nimeituma, na picha ya gari la ofisi limeinamia pua, namba zake zinasomeka. Hukumu: mbaya. Kwenye jina la eneo nimeandika Kwa Salumu. Orodha haijatoka, na mnaonipigia kila jioni kuuliza, mimi mwenyewe nalitazama wingu kabla ya kulala.

Kilichobaki hamjakisikia, kwa sababu Shomari wakati huo alikuwa chini ya gari akikagua springi. Nilikuwa nagawa mananasi, maana sikuwa na kingine cha kuwapa, nikasikia jembe. Bi Tatu alikuwa amerudi shimoni. Alitandaza matawi yaleyale, akashusha kokoto, akaanza kurudisha kile kifusi chekundu. Nikamwambia bibi, acha, pumzika, utarudi kesho. Akasema kesho kuna watu watapita.

Nikachukua koleo nikamsaidia mpaka Shomari alipopiga honi. Niliaga kwa mikono yote miwili. Alinishika viganja, malengelenge yake kwenye yangu mapya, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mwakani uje bila hodi, mwanangu," alisema.

Kisha akageuka akaendelea kushindilia.